«Stable» ni kusema nini? Kusoma limfoma ya pafu katika picha za skana

Ripoti ya pili ya skana ya mama mkubwa wangu ilikuwa na mistari tisa, na neno lililotugharimu miezi minane lilikuwa katika mstari wa saba. Neno lenyewe ni la Kifaransa: «stable». Ilikuwa Septemba 2023. Nyumbani mimi ndiye ninayejifunza lugha, kwa hiyo karatasi ililetwa kwangu. Niliisoma kimya mara mbili, kisha nikawaambia waliokaa barazani: «Inatulia.» Mama mkubwa akaweka mikono miwili kifuani. «Njo kusema iko muzuri?» Nikajibu ndiyo. Siku ile walipika kuku, na hakuna aliyekumbuka njia ya hospitali mpaka Mei 2024.

Ugonjwa aliokuwa nao ni limfoma ya MALT ya pafu, ugonjwa wa nadra. Nataka kuonyesha namna unavyotambuliwa katika picha za skana, na kwa nini kazi hiyo inafanana sana na yale tunayofundishwa katika darasa la fonolojia na la semantiki. Mimi si mganga. Naandika «mganga» kwa maana yetu ya huku, yaani aliyesomea udaktari, nikijua kwamba msomaji wa Dar es Salaam atamfikiria mtu mwingine kabisa. Yaliyomo hapa nimejifunza kwa kusoma, na kwa kukaa mchana mzima kando ya mganga wa picha aliyekubali kunionyesha skrini yake.

Ugonjwa wenyewe

Limfoma ni saratani ya limfositi, zile chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili. Inayojulikana zaidi Afrika ni ile iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala: huvimbisha taya za watoto na kukua mbio. Hii ya pafu ni kinyume chake, huenda kama konokono. Mwaka 1983 Peter Isaacson na Dennis Wright walieleza limfoma ambazo hazianzii katika tezi za shingo wala za kwapa, bali katika tishu ya ulinzi iliyo chini ya utando laini wa viungo vya ndani, kama vile tumbo. Herufi MALT ni ufupisho wa jina la tishu hiyo. Limfoma zinazoanzia pafuni hazifikii hata 1 kwa kila saratani 100 za pafu, lakini kati ya hizo chache, MALT ndiyo iliyo nyingi kuliko zote.

Jambo la ajabu ni kwamba pafu la mtu mzima mwenye afya kwa kawaida halina tishu hiyo. Tishu huzaliwa pale ambapo mwili umewaka kwa muda mrefu, kwa mfano kwa mtu mwenye ugonjwa wa Sjögren, ambapo ulinzi wa mwili hugeuka na kushambulia tezi za machozi na za mate. Mama mkubwa, kwa miaka ninayoikumbuka yote, alilala na kikombe cha maji kando ya kitanda kwa sababu ya kinywa kikavu, na alilalamika kwamba macho yanamkereketa kama yameingiwa na mchanga. Hospitalini hakuna aliyemwuliza habari hiyo, naye hakuona sababu ya kuisema. Alikuwa amekwenda kwa ajili ya kikohozi.

Wagonjwa wengi, pengine karibu nusu yao, hawasikii chochote, na doa huonekana kwa bahati katika picha iliyopigwa kwa sababu nyingine. Wengine hukohoa kidogo, huchoka, au hukosa pumzi wanapopanda ngazi. Hakuna dalili inayopiga kelele.

Weupe ulio wa aina mbili

Skana ni mashine ya kupima. Godfrey Hounsfield, aliyeitengeneza Uingereza, na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyetafuta hesabu yake, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mashine hukata kifua katika vipande vyembamba kama mkate, na kila nukta ya kipande hupewa namba kulingana na jinsi inavyozuia miale. Maji ni 0, hewa ni −1000, mfupa mgumu hukaribia 1000 au kuzidi. Kilicho na namba ndogo huonyeshwa cheusi, chenye namba kubwa cheupe. Pafu limejaa hewa, kwa hiyo pafu zima ni jeusi.

Hapa Kiswahili chetu kinajikwaa mara ya kwanza. Mganga anaposema kuna «opacité», sisi husema kuna kivuli. Kivuli katika masikio ya Mswahili ni giza. Basi mgonjwa huinua picha juu ya dirisha na kuanza kutafuta palipo peusi, na weusi anauona kila mahali! Nimemwona mjomba wangu akionyesha kwa kidole pafu zima, lile lililo salama, na kusema «angalia namna ugonjwa umemumaliza.» Ugonjwa ulikuwa ni lile doa jeupe karibu na moyo, ambalo yeye alilichukua kuwa sehemu ya moyo. Kwa sababu hiyo, katika makala hii nasema weupe.

Weupe una aina mbili, na tofauti kati yake ndiyo somo la kwanza la kusoma pafu. Jumuiya ya Fleischner, ambayo ni ya wataalamu wa picha za kifua, ilichapisha faharasa ya istilahi mwaka 1984, ikaitengeneza upya mwaka 1996, 2008 na 2024. Kwa mwanafunzi wa leksikografia faharasa hiyo ni chakula kitamu. Aina ya kwanza Wafaransa huiita «verre dépoli», kioo cha dirisha la bafu: pafu limekuwa jeupe kidogo, lakini mishipa ya damu na kuta za mirija ya hewa zingali zinaonekana ndani ya weupe huo. Aina ya pili ni «condensation»: weupe umekuwa mzito mpaka mishipa na kuta za mirija zimefichika. Swali linalotenganisha aina hizi mbili ni moja tu: je, mshipa unaonekana au hauonekani? Hatukufundishwa hivyo kuhusu /p/ na /b/? Kila kitu sawa, sifa moja inabadilika, na maana inabadilika nayo.

Ripoti ya kwanza, ya Machi 2023, ilikuwa na maneno yote mawili. Mimi, nikidanganywa na «condensation» ya maji kwenye kioo, nililitafsiri ukungu. «Verre dépoli» pia nikalitafsiri ukungu. Kwa kalamu moja nikaua jozi ya pekee ambayo mwandishi wa ripoti alikuwa ameijenga kwa uangalifu. Sasa napendekeza tuseme hivi: ukungu ni ule unaoweza kuona mti ndani yake, kama asubuhi ya Juni, ya pili tuiite mgando, kutoka katika kuganda, kama maziwa yaliyoganda. Mtu aliyewahi kutazama ndani ya kibuyu cha maziwa hahitaji maelezo zaidi.

Mganga aliyenikaribisha alinionyesha kwamba jozi hii ina jaribio lake. Picha ile ile hutazamwa kwa «madirisha» mawili, yaani mipangilio miwili ya mwanga: moja kwa ajili ya pafu, moja kwa ajili ya nyama laini za katikati ya kifua. Ukihama kutoka dirisha la kwanza kwenda la pili, ukungu mwepesi hutoweka na mgando hubaki. Namba za mashine hazikubadilika. Msikilizaji ndiye aliyebadilisha sikio.

Mti mweusi

Limfoma ya MALT katika pafu huonekana mara nyingi kama mgando, mmoja au zaidi, katika pafu moja au yote mawili, au kama madonge madogo yenye kingo zisizo wazi. Pembeni mwa mgando mara nyingi huwa na ukungu kama duara la mwanga kuzunguka mwezi. Lakini kinachovuta jicho la mzoefu kiko ndani ya mgando: mirija ya hewa bado iko wazi. Katika weupe mzito yanaonekana matawi meusi yakigawanyika, mti mweusi katika uwanja mweupe, na pengine matawi hayo yamepanuka kuliko kawaida. Tena, mgonjwa akidungwa dawa ya kung'arisha damu, mishipa huonekana ikipita katikati ya mgando iking'aa, haikubanwa wala kukatwa.

Kwa nini? Kwa sababu chembe za limfoma hutambaa kando ya mirija na mishipa, ndani ya kuta na nafasi zilizo kati yake. Hujaza nyumba bila kubomoa milango. Saratani nyingine nyingi za pafu hukua kama donge linalosukuma, na mara nyingi utaona mrija wa hewa ukikatika ghafula pale unapokutana nalo.

Mtu angependa kuishia hapa: umeona mti mweusi ndani ya mgando, umeona limfoma. Hapana. Nimonia ya kawaida kabisa ina mti mweusi. Aina fulani ya saratani ya pafu, ile inayotambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa, nayo huacha mirija na mishipa ikionekana. Kifua kikuu nacho huweza kuonyesha mgando, ingawa kwa mtu mzima hupenda sehemu za juu za pafu, huchimba mapango, na hutawanya vidoa vidogo kama machipukizi katika ncha za matawi. Limfoma ya MALT huchimba pango mara chache sana. Katika nchi yetu, ambapo kifua kikuu ni kingi, mganga anayekifikiria kwanza hakosei. Makohozi ya mama mkubwa yalipimwa na hayakuonyesha kitu. Akapewa antibiotiki, kisha antibiotiki nyingine. Kila hatua ilikuwa ya busara kwa siku yake.

Yaani alama moja haitoshi kuleta maana. Ferdinand de Saussure alitufundisha kwamba thamani ya alama hutokana na zile zinazoizunguka, na katika pafu nimeona jambo hilo kwa macho. Mti mweusi pamoja na homa ya siku tatu ni nimonia. Mti mweusi pamoja na kinywa kikavu cha miaka kumi, mwili usiokonda, makohozi yasiyo na vijidudu, na madoa matatu yaliyotawanyika katika mapafu yote mawili, huo ni usemi mwingine.

Na kuna sifa moja ambayo picha moja haiwezi kuionyesha hata ukiitazama mpaka kesho, nayo ni muda. Nimonia iliyotibiwa huyeyuka kwa kawaida katika wiki kadhaa. Kwa mzee inaweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Limfoma ya MALT haijali antibiotiki. Ipo mwezi wa tatu, ipo mwezi wa tisa, ipo mwaka unaofuata, pengine imenenepa kidogo tu.

Nini kilitazamiwa?

Sasa turudi kwa mstari wa saba. «Aspect stable par rapport à l'examen de mars.» Aliyeandika hakukosea. Alilinganisha picha mbili, akaona hakuna tofauti, akaandika hivyo, tena alimwandikia mganga mwenzake, si mimi. Kosa lilitokea nilipobeba «stable» na kuliweka katika kutulia.

Fikiria vitu vinavyotulia katika Kiswahili: ziwa baada ya upepo, mtoto baada ya kulia, maumivu baada ya dawa. Kila mara kulikuwa na fujo kwanza, na sasa kuna nafuu. Kutulia ni kitenzi cha habari njema. «Stable» ya ripoti haina furaha wala huzuni ndani yake. Inasema tu kwamba picha ya pili ni sawa na ya kwanza. Furaha niliiongeza mimi, bila kujua, kwa kuchagua kitenzi.

Ningesemaje? Kiswahili kina chombo ambacho Kifaransa hakina kwa wepesi huo. Linganisha «haukubadilika» na «haujabadilika». La kwanza linafunga jambo. La pili, kwa silabi moja ya -ja-, linasema kwamba badiliko lilitazamiwa na bado halijafika. Tukisema «mgeni hakufika», tunaondoa sahani. Tukisema «mgeni hajafika», sahani inabaki mezani. Ripoti ya Septemba, kwa mgonjwa aliyemeza antibiotiki ili mgando uyeyuke, ilitakiwa kutafsiriwa «mgando haujayeyuka». Au kwa kusema kwa kwetu: ingali. «Ile kitu ingali pale pale.» Hakuna mtu katika familia yangu ambaye angesikia «ingali pale pale» na kwenda kutafuta kuku.

Nimejaribu sentensi hizi mbili kwa wanafunzi wenzangu kumi wa mwaka wetu, bila kuwaambia habari ya ugonjwa. Niliwauliza tu: mtu akiambiwa hivi kuhusu mapafu yake, arudi hospitalini au akae? Kwa «inatulia», wote walijibu akae. Kwa «haujayeyuka», wote walijibu arudi. Watu kumi si utafiti, nami silidai hilo. Nilitaka kujua kama sikio langu limeharibika peke yake.

Mei 2024 kikohozi kilirudi kwa nguvu, tukaenda kwa mganga mwingine, mama mmoja asiyesema sana. Hakuanza na ripoti. Aliomba CD zote mbili, akamtuma mama mkubwa kupigwa picha ya tatu, kisha akapanga kipande kile kile cha kifua mara tatu kwenye skrini: Machi, Septemba, Mei. Mti mweusi ule ule, matawi yale yale, mgando umeongezeka kwa upana wa ukucha. Akageuka akamwuliza mama mkubwa: «Mama, mate unayo?» Lilikuwa swali la kwanza la aina hiyo katika mwaka mmoja na zaidi.

Picha, hata zikiwa tatu, hazitoi jina la mwisho. Jina hutolewa na kipande cha nyama. Walichukua kipande kwa sindano ndefu, wakiongozwa na skana yenyewe, na sampuli ikapelekwa nje ya nchi kwa sababu vipimo vya kupaka rangi protini za chembe havikupatikana karibu. Jibu lilikuja baada ya wiki saba: limfositi ndogo za aina B, zenye alama ya CD20, zimepenya katika utando wa mirija ya hewa. Limfoma ya MALT.

Nilimwuliza mganga, tukiwa wawili kwenye ukumbi, kama miezi minane yangu imemwua. Alisema hapana, ugonjwa huu huenda polepole, na zaidi ya 80 kati ya wagonjwa 100 huwa hai miaka 5 baada ya kutambuliwa. Kisha akaongeza kwamba kama ingekuwa ile saratani inayotambaa, asingenijibu hivyo. Nilishukuru kwa sehemu zote mbili za jibu.

Kuhusu tiba nitasema kidogo. Kuna upasuaji pale doa likiwa moja, kuna dawa zinazolenga ile alama ya CD20, na kwa mgonjwa asiyesumbuliwa sana kuna njia ya tatu inayowashangaza watu wote nyumbani: kutofanya kitu, ila kumwangalia kwa karibu. Kikohozi cha mama mkubwa kilipungua baada ya wiki chache, pumzi yake ni nzuri, naye aliwekwa katika njia hiyo ya tatu. Kila miezi sita anapigwa skana.

Na hapo neno langu likageuka tena. Ripoti ya Desemba 2024 ililetwa barazani kama zile zilizotangulia. Niliruka mistari ya mwanzo. «Aspect stable.» Maneno yale yale, pengine kutoka katika kompyuta ile ile. Lakini sasa hakuna aliyetazamia mgando uyeyuke. Kilichoogopwa ni kwamba utakua. Kwa mgonjwa anayeangaliwa tu, kutobadilika ndiyo habari njema yenyewe. «Haujayeyuka» ingekuwa kweli, na ingemkosesha usingizi bure.

Nilimweleza mama mkubwa yote hayo, pamoja na -ja-, na sahani, na mgeni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: «Sasa leo iko inatulia, ao ingali?»

«Leo inatulia, mama.»

«Uandike kwa karatasi,» akasema, «na tarehe.»